Kibarazani kwa Mwalimu: Mnada wa Samaki Darasa la Nne

Mwezi huu barua nyingi zimenijia juu ya jambo moja: walimu wanaofundisha Kiingereza kwa michezo. Wengine wanataka kujua wafanyeje, mmoja anataka waache kabisa. Somo hilo nimelifundisha miaka 31 katika shule tatu za msingi za hapa Tanga, tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Korogwe mpaka nilipostaafu, na sijapata kulichoka. Majibu yangu hayalingani urefu, kwa kuwa maswali nayo hayalingani uzito.

*

*Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiingereza Darasa la Nne, huku Pongwe. Wanafunzi ni 92, madawati 30, na mimi peke yangu. Kwenye semina tuliambiwa tutumie michezo. Nikajaribu: niliita watoto wawili mbele, mmoja aigize mnyama, mwenzake ataje jina lake kwa Kiingereza. Dakika tano hazijaisha darasa limekuwa soko, mwalimu wa chumba cha pili yuko mlangoni ananitazama. Mwisho wa kipindi nikawauliza wamejifunza nini, wakajibu kwa pamoja, "Lion!" Na simba walikuwa wanamjua tangu Darasa la Tatu. Niambie ukweli, hii michezo si ya shule zenye watoto 25 tu?*
Mwalimu, Pongwe

Marahaba mwanangu. Ulifanya vizuri kuwauliza mwisho wa kipindi wamejifunza nini. Wengi hatuulizi, kwa kuogopa jibu.

Tupige hesabu kwanza. Kipindi chako ni dakika 40. Ukiwagawia watoto 92 wazungumze mmoja mmoja, kila mtoto anapata kama sekunde 26, na hapo wewe hujafungua kinywa, hujaita majina, hujafuta ubao. Kwa hiyo mchezo wa wawili mbele na 90 wakitazama haukufai, hata ukiwa mzuri namna gani. Ule utulivu tunaousifu wa mwalimu kusoma na darasa kuitikia nao haukufai, maana katika sauti ya watu 92 hujui nani amesema na nani amefungua mdomo tu. Darasa kubwa linataka vinywa 30 vizungumze kwa wakati mmoja, kinywa kimoja kwa kila dawati. Ndiyo maana mimi nasema michezo ni ya darasa kama lako kuliko darasa la watoto 25. Mwenye watoto 25 anaweza kumfikia kila mmoja kwa miguu yake. Wewe huwezi.

La pili ni mchezo wenyewe. Kabla ya kuingiza mchezo darasani, nilikuwa najiuliza swali moja tu: mtoto anaweza kushinda mchezo huu huku amefunga mdomo, au kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho? Kama anaweza, basi ni mchezo wa mapumziko, waachie uwanjani wafurahi. Mchezo wa darasani uwe na mahali ambapo usiposema sentensi ya Kiingereza, na mwenzako asipoielewa, mambo hayaendi. Mchezo wako wa wanyama ulimtaka mtoto mmoja aseme neno moja analolijua. Wengine wote hawakuwa na haja ya Kiingereza hata kidogo, na mtoto asiye na haja ya kitu hukitafutia mbadala, ndiyo kelele ulizozisikia.

Nikueleze mchezo mmoja kwa kirefu, ambao nimeutumia miaka mingi kuliko mwingine wowote. Tuliuita mnada.

Watoto wa mjini wanajua mnada wa samaki pale Deep Sea, baba zao na mama zao wanauza huko, wengine wamelala juu ya ndoo za dagaa tangu wachanga. Nilikata maboksi ya sabuni vipande vya ukubwa wa kiganja, kila kipande nikachora samaki au kiumbe mwingine wa baharini: pweza, kaa, kamba, nguru. Kila dawati lenye watoto watatu ni mnada unaojitegemea. Mmoja ni dalali, wa pili mnunuzi, wa tatu karani mwenye penseli. Dalali amefunika kadi yake, nyuma imeandikwa bei anayoiona yeye peke yake. Mnunuzi anauliza, "How much is this octopus?" Dalali anajibu, "Fifteen." Mnunuzi anasema ni ghali au anakubali. Karani haruhusiwi kuuliza wala kutazama kadi, anaandika ile bei aliyoisikia, basi. Kisha kadi inafunuliwa. Bei ya karani ikifanana na ya kadi, mauzo yamepita na dawati linapata kizibo kimoja cha soda. Zikitofautiana, mnada umevunjika, samaki anarudi baharini. Kila mauzo wanabadilishana nafasi.

Sasa utaona kwa nini nilichagua namba, na kwa nini nilichagua 13 na 30, 14 na 40, 15 na 50, mpaka 19 na 90.

Siku moja katika Darasa la Nne, kijana wa dawati la dirishani aliuza nguru kwa 15. Karani wake akaandika 50. Kadi ilipofunuliwa kijana akaja juu: "Mimi nimesema fiftin!" Karani naye hakurudi nyuma: "Ndivyo nilivyosikia, fifti." Wakarudia mara tatu, na mara zote tatu nilisikiliza mimi mwenyewe nikiwa nimesimama nyuma yao, na karani alikuwa na haki. Kijana alikuwa anasema FIFtin, mkazo wote mbele, huku nyuma pamekufa.

Hakuwa mzembe yule mtoto. Alikuwa anasema Kiingereza kwa kanuni ya lugha yake. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: saMAki, daLAli, kitaBUni. Mtoto wa Kiswahili anabeba kanuni hiyo bila kufundishwa na mtu, na anapokutana na neno la Kiingereza anaitumia hiyo hiyo. Lakini Mwingereza akitaja 15 peke yake, kama bei, mkazo huuweka nyuma, fifTEEN, na 50 huuweka mbele, FIFty. (Neno jingine likifuata husogeza mkazo wake mbele, lakini hilo si la Darasa la Nne.) Mimi nilikuwa nimefundisha namba hizo kwa miaka kadhaa, ubaoni, kwa kuzisoma na kuzirudia, na sikuwahi kugundua kwamba nusu ya darasa langu hawana tofauti kati ya 15 na 50. Daftari zao zilikuwa safi, maana daftari halina masikio.

Aliyemaliza ugomvi ni mnunuzi, binti mdogo mdogo hivi, ambaye kutwa nzima hakuwa na neno. Alimgonga yule kijana begani akamwambia, "Sukuma nyuma." Akagonga dawati kwa kifundo cha kidole: kimya, kisha ko! "Fif-TEEN." Kijana akajaribu, akapata. Kufikia mwisho wa juma dawati zote zilikuwa zinagonga, na kila mtoto aliyekosea alisikia wenzake wakimwambia "sukuma nyuma". Ningeweza kukaa mwaka mzima natafuta maneno mazuri ya kueleza mkazo nisipate yanayoshinda hayo mawili. Nimeyatumia mpaka nimestaafu, na sasa nakupa wewe.

Kuhusu kelele. Ongeza sheria hii: dawati la jirani likisikia bei yako na kuiandika sawasawa kabla kadi haijafunuliwa, kizibo ni chao. Utaona vichwa vitatu vinavyoinama pamoja na mnada wa kunong'ona. Hata kwa kunong'ona mkazo haupotei, unasikika kwa urefu wa sauti. Na wale wa jirani wametega masikio kusikiliza Kiingereza kuliko walivyowahi kukusikiliza wewe, usiumie. Kiswahili utakisikia pia, wakigombea zamu au wakituhumiana kuchungulia kadi. Waache. Hakuna mtoto anayegombana kwa lugha aliyoianza juzijuzi.

Usianze na mchezo mzima siku ya kwanza. Siku ya kwanza cheza wewe na watoto wawili mbele, darasa zima liwe karani, kila mtoto aandike bei kwenye daftari lake. Siku ya pili ndipo ugawe kadi. Na dakika kumi za mwisho ni za daftari kila mara: mtoto aandike sentensi mbili au tatu za mauzo aliyofanya. Mwenzako wa chumba cha pili mwombe radhi mapema, mwambie ni siku gani utacheza. Mimi nilimkaribisha wa kwangu aje awe mnunuzi. Hakuja mlangoni tena kunitazama.

Huko Pongwe, kama watoto wako hawajaufikia mnada wa samaki, uza machungwa ya Muheza. Yanapita mbele ya shule yenu kila siku.

*

*Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini leo nina hasira kidogo. Mwanangu yuko Darasa la Saba. Kila nikimuuliza Kiingereza wamesoma nini, ananiambia wamecheza. Mimi ni fundi seremala, nafanya kazi mpaka usiku nipate ada ya tuisheni, na mtihani wa taifa uko karibu. Mwalimu analipwa kuchezesha watoto? Mbona zamani sisi tulifundishwa kwa fimbo na tukaelewa?*
Mzazi, Makorora

Ndugu yangu, hasira yako ni ya mzazi anayejali, na mwalimu yeyote angependa wazazi wote wawe nayo. Haki yako nakupa mahali pawili. Mwalimu anayechezesha watoto bila kuwaandikisha chochote amefanya nusu ya kazi. Na mtoto wa Darasa la Saba lazima ajizoeze maswali ya mtihani, asome vifungu na kuvijibu, tena kwa wingi. Nenda shuleni, omba kuona daftari lake la Kiingereza. Kama baada ya kila mchezo kuna maandishi na tiki ya mwalimu, rudi nyumbani ukiwa na amani. Kama kurasa ni tupu, zungumza na mwalimu mkuu kwa adabu, na mimi niko upande wako.

Lakini nisikilize na mimi. Tangu 1967 shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja kati ya mengine. Mwanao akiingia Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Baiolojia, Jiografia, Hisabati, mwalimu anaingia na kuzungumza. Mtihani wa Darasa la Saba ni wa kuandika, na sehemu yake kubwa kwa miaka mingi imekuwa ya kuchagua herufi ya jibu sahihi. Hakuna msimamizi anayemwambia mtoto, "Hebu sema nikusikie." Kwa hiyo mtoto anaweza kufaulu vizuri, mkafurahi na kuchinja kuku, na Januari akakaa darasani anasikia mvumo tu. Nimewaona wengi, na walikuwa watoto wenye akili. Walikuja kunitembelea wakiwa na sare mpya, nikawauliza shule vipi, wakatazama chini.

Mchezo ndio mahali pekee katika juma ambapo mwanao anasikiliza Kiingereza kilichosemwa na mtu mwingine na lazima akijibu papo hapo. Hakuna herufi ya kuchagua hapo.

Kuhusu fimbo, mimi pia nilisoma nayo. Nilijifunza kunyamaza vizuri sana.

Jaribu hili kabla hujaenda shuleni. Jumapili ukiwa karakana, mwite, mwambie akuuzie kigoda kwa Kiingereza. Wewe taja bei kwa Kiswahili, yeye ajibu kwa Kiingereza na kuandika juu ya kipande cha mbao. Ukimwona anatafuta maneno, anakwama, anayapata, anaendelea, ujue ndicho wanachokifanya wakati anakwambia wamecheza.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa kujitolea, Pangani. Tunacheza ule mchezo wa amri, mwalimu anasema simama, kaa, shika sikio, kwa Kiingereza, na anayekosea anatoka. Darasa linaupenda kupita kiasi. Shida ni binti mmoja wa Darasa la Tatu. Anatoka wa kwanza kila siku, na sasa nikisema tu tunacheza, anakwenda kukaa pembeni mwenyewe kabla hatujaanza. Nifanyeje achangamke kama wenzake?*
Mwalimu kijana, Pangani

Marahaba. Mwanangu, huyo binti hana la kurekebisha. Rekebisha sheria ya mchezo.

Mchezo wa amri ni mzuri, na una msingi wake. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, aliujengea njia nzima ya kufundisha lugha miaka ya 1960: mwanafunzi aanze kwa kusikia na kutenda kwa mwili, kuzungumza kutafuata. Mama zetu wanatufundisha hivyo hivyo. Mtoto wa mwaka mmoja akiambiwa "lete kijiko" anakileta, ingawa kutamka kijiko hawezi. Lakini ulipoongeza sheria ya kutoka, uligeuza dawa. Anayetoka wa kwanza ni yule ambaye hajui, na akishatoka anakaa bure dakika ishirini huku wanaojua wakizidi kujizoeza. Ukicheza hivyo muhula mzima, umempunguzia Kiingereza yule yule aliyekihitaji zaidi, tena mbele ya watu.

Futa kutoka. Wacheze wawili wawili, wakikosea wote wanaendelea, na hesabu iwe ya darasa zima: leo tumefanya amri ngapi bila hata mmoja kupotea? Jana 6, leo 9. Utaona wanavyonong'onezana kusaidiana. Sisi badala ya jina la kigeni, "Simon says", tulisema "Bibi says", maana amri ya bibi haipingwi na mtoto yeyote Tanga nzima.

Na huyo binti mpe ukarani. Soma jibu langu la mwanzo uone karani ni nani: hasemi, anasikia na kuandika. Ni kazi ya heshima, kimya kina sababu, na masikio yake yako kazini. Usimsifu kwa sauti kubwa akianza kusema. Mwachie aseme kwanza kwa mwenzake sikioni.

Nakuandikia kwa ukali kidogo kwa sababu nina deni. Nilipokuwa mwalimu mpya, shule niliyopangiwa ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto akisikika anasema Kiswahili saa za Kiingereza, anavishwa shingoni, anakaa nacho mpaka amkamate mwingine. Ulihesabiwa kuwa ni mchezo, watoto wakikimbizana nacho na kucheka. Mimi nilikivalisha kwa mikono yangu. Kulikuwa na mtoto wa Darasa la Tano, mtoto wa mvuvi, aliyegundua njia ya kutokivaa kamwe: hakusema chochote, kwa lugha yoyote, tangu kengele ya asubuhi mpaka ya kurudi nyumbani. Nilimsifu kwa nidhamu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa nilikuwa nasifu nini. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, tukakichoma kile kibao pamoja na majani makavu ya mwembe, lakini yule mtoto alikuwa ameshamaliza mwaka.

*

*Mwalimu, watoto wangu wanapenda mchezo wa kukisia herufi za neno lililofichwa ubaoni. Lakini kila siku ugomvi: mtoto anasema herufi, naandika, anakataa kwamba hakusema hiyo. Nimechoka.*
Mwalimu, Mabokweni

Sikiliza majina ya herufi zenyewe. Herufi ya kwanza Waingereza wanaiita "ei", ile ya tano wanaiita "i", na ile ya tisa "ai". Mtoto wetu anayetaka E anasema "e" ya Kiswahili, wewe unasikia A. Anayetaka I anasema "i", wewe unaandika E. Wote mko sawa, kila mmoja kwa lugha yake. Andika herufi hizo tatu pembeni mwa ubao, chini ya kila moja chora kitu: A karibu na keki ya "cake", E karibu na mti wa "tree", I karibu na barafu ya "ice". Mtoto aguse picha anaposema. Kwa juma moja hivi ugomvi utapungua. Halafu mpe mtoto mwingine chaki, wewe kaa nyuma. Anayesema na anayeandika wakiwa watoto wote wawili, watasikilizana kwa makini kuliko wanavyokusikiliza wewe.

Na ule mchoro wa mtu anayenyongwa, unaoongezwa mstari kila herufi inapokosewa, uache, tafadhali. Sisi tulichora mnazi wenye hatua saba na mkwezi juu yake. Kila kosa anateremka hatua moja, akifika chini madafu yamekosekana.

*

*Kuna programu za simu za michezo ya Kiingereza. Nimnunulie mwanangu simu yake?*
Msomaji, Chumbageni

Hapana. Kama wewe unayo simu, mpe nusu saa ukiwa umekaa naye, atapata majina ya vitu na tahajia, si haba. Simu ya kwake mwenyewe mtoto wa shule ya msingi haihitaji, na hizo fedha zitamnunulia vitabu vya hadithi vingi.

*

*Mwalimu, nakuandikia kwa mkono wa jirani, mimi kusoma kwangu ni kwa shida. Nalea mjukuu wangu, yuko Darasa la Tano, hapa Tongoni. Mama yake yuko Dar es Salaam anatafuta. Mtoto anapenda shule, jioni anataka nimsikilize Kiingereza chake, na mimi sijui hata neno moja. Namwambia tu vizuri mjukuu wangu, vizuri. Naona kama namdanganya. Kuna mchezo ambao mtu kama mimi anaweza kucheza naye?*
Bibi, Tongoni

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na nimeiacha ya mwisho ili nikujibu kwa utulivu. Humdanganyi. Mtoto anayesikilizwa jioni anajifunza, na wewe unamsikiliza.

Mchezo unao tayari, umekuwa nao tangu utoto. Ni vitendawili.

Cheza hivi. Wewe anza kama kawaida: "Kitendawili!" Yeye aitikie, "Tega!" Kisha mtegee cha Kiswahili unachokijua: nyumba yangu haina mlango. Atajibu yai. Sasa mwambie akutegee hicho hicho kwa Kiingereza. Atasema, "My house has no door." Maneno huyajui lakini kitendawili unakijua, kwa hiyo utaanza kusikia: mlango uko mwisho, nyumba iko mwanzoni. Kesho mtegee kingine: kila niendapo ananifuata. Yeye akigeuze. Akikwama neno, mwambie alipeleke shuleni kwa mwalimu wake alete jibu kesho. Usimsaidie, na kwa bahati njema huwezi kumsaidia, hiyo ndiyo faida yako. Mwalimu ana kishawishi cha kumtajia mtoto neno. Wewe utamsubiri mpaka alipate.

Kisha geuzeni. Yeye akutegee kwa Kiingereza kitendawili ambacho hujui amechagua kipi, na wewe ukisie kwa Kiswahili ni kipi kati ya vile vyenu. Ukishindwa atasema, "Nipe mji," kama tulivyofanya sisi wote. Hapo ndipo mahali patamu. Mpe mji, mpe Pangani. Na sheria yenu iwe hii: kabla ya kukupa jibu, akuambie kwa Kiingereza mambo matatu aliyoyafanya huko Pangani. "I went to Pangani. I ate fish. I saw the river." Unamwona anavyokunja vidole kuhesabu? Hayo maneno matatu, alikwenda, alikula, aliona, ndiyo yanayowasumbua watoto wa Darasa la Tano Kiingereza chote, kwa sababu hayafuati kanuni, kila moja lina umbo lake la kukariri. Mimi nilikuwa nawaandikia ubaoni safu nzima, wanaisoma kwa sauti, kesho wameisahau. Walipoanza kudaiana miji, hawakusahau, maana aliyekosea neno alinyimwa mji na wenzake wakamzomea kwa upendo.

Utajuaje kama amepatia? Baada ya kila sentensi mwulize, "Maana yake?" Akikueleza kwa Kiswahili bila kusita, amepatia kiasi cha kutosha kwa jioni hiyo. Akisita, mwambie arudie. Yaliyobaki mwalimu wake atayaona daftarini, mwombe mtoto aandike sentensi zake tatu kila usiku kabla ya kulala, na asubuhi azipeleke.

Akiishiwa na miji ya karibu, mpeleke mbali. Mpe Lushoto, mpe Bagamoyo, mpe Dar es Salaam kwa mama yake. Hiyo ya mwisho mpe siku ambayo mna muda, maana atakuwa na mengi ya kusema kuliko matatu, na mengine atataka kuyasema kwa Kiswahili. Mwachie ayaseme.

Halafu mwombe jirani yako aniandikie tena, nijue mjukuu wetu alikwenda wapi na alikula nini.